Wasaa wa Shanta

Katika nchi ya Ugogo mvua huanza kunyesha mwezi wa Desemba na hukoma mwezi wa Aprili, na tangu hapo mpaka mwaka unapokaribia kwisha upepo mkavu huvuma juu ya ardhi nyekundu, mito hubaki mchanga mtupu, na mtu aendaye kwa miguu masafa marefu hana swali kubwa kuliko hili: nitapata wapi maji, na nitayachukuaje mpaka nifike penye maji mengine? Nimeishi katika uwanda huu wa kati sehemu kubwa ya umri wangu. Nimeutembea toka Mpwapwa mpaka Mvumi, toka Bahi mpaka ukingo wa Kilimatinde, na toka Dodoma mpaka vilima vya Kolo penye michoro ya kale ya miambani. Na tajriba hiyo imenipa itikadi moja mintarafu ya shanta, yaani mfuko mkubwa wa mgongoni, ambayo nimeona vema kuiandika kwa ajili ya vijana wanaokusudia safari kama hizo. Itikadi yenyewe ni kwamba wepesi wa shanta na wasaa wake, mambo ambayo wauzaji huyasifu kila moja peke yake, katika nchi kavu yana kipimo kimoja tu, nacho ni maji.

Njia niliyoipita zaidi ni ile ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapanda Usagara, ikatua Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaingia Unyamwezi mpaka Tabora, na kutoka Tabora ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa. Richard Burton na John Speke waliishika mwaka 1857, Henry Stanley akaishika mwaka 1871, na vitabu vyao vimehifadhi majina ya vituo vyake; walakini kabla yao na baada yao walipita maelfu ya wapagazi, aghalabu Wanyamwezi, ambao hawakuandika kitabu, lakini kazi ya kubeba waliijua kuliko mtu yeyote aliyeiandika. Mzigo wa desturi ulikuwa frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo mtu mmoja alichukua kilo 32 hivi za merikani, kaniki, shanga au pembe, na juu ya mzigo huo wa tajiri aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, chungu, posho na silaha. Nguo zilikunjwa, zikashindiliwa mpaka zikawa mtumba mrefu mwembamba, ukafungwa kwa kamba za usumba na kutiwa fito pembeni usipinde. Na Mnyamwezi aliuweka begani karibu na shingo, ilhali watu wa pwani wengi walipenda kuubeba kichwani juu ya ngata.

Nimeufikiri mtumba huo mara nyingi, na kila nilipoufikiri niliona ndani yake kanuni ambazo mafundi wa mashanta wa zama zetu huzitangaza kuwa uvumbuzi: mzigo ushindiliwe usicheze, uwe mrefu kuliko kuwa mnene, ili usimvute mtu nyuma, ukae karibu na uti wa mgongo, na pawe na kitu kigumu cha kuusimamisha. Mwaka 1952, huko California, Dick Kelty alianza kuuza mashanta yenye fremu ya aluminiamu na mkanda wa kiunoni, na sifa yake ilienea kwa sababu uzito uliokuwa ukining'inia mabegani sasa ulitua nyongani, penye mifupa mikubwa ya kuuchukua. Ni kazi njema, nami nimeifaidi. Lakini fito za mtumba zilikuwa zimekwisha vuka Ugogo miaka mingi kabla ya fremu hiyo kuzaliwa.

Kwa kusema hivi sikusudii kuyasifu mateso. Kilo 32 juu ya bega la mtu, kwa safari ya miezi mitatu au zaidi, ni mzigo uliowaua wengi kwa kushirikiana na ndui, njaa na kiu, na mifupa yao ililala kando ya njia bila kaburi. Wapagazi wenyewe walijua mpaka wa haki ulipo: aliyeongezewa kupita desturi aligoma, au alitoroka usiku, na wenye misafara wakaandika malalamiko marefu juu ya utoro bila kufikiri kwamba mtoro yule alikuwa ametoa hukumu. Leo, katika Mlima Kilimanjaro, mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani langoni na kikomo chake ni kilo 20, na mimi kila nionapo mizani hiyo ikisomwa kwa uaminifu moyo wangu hufurahi, kwa maana ni haki iliyochelewa sana kuwafikia wabebaji wa nchi hii.

Kati ya sehemu zote za njia ile, iliyoogopwa sana na misafara iliyotoka pwani ni Marenga Mkali, nyika iliyo baina ya Chunyo na Mvumi, yenye mwendo wa maili 30 hivi bila maji ya kutegemea. Misafara iliivuka kwa mwendo ulioitwa tirikeza: watu walipika na kunywa mpaka wakatosheka, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua lilipoanza kupinda, wakalala katikati ya nyika pasipo na maji, wakaondoka tena alfajiri ili wafike visimani kabla jua halijawa kali. Huko Mvumi walianza kutozwa hongo na watemi wa Kigogo, jambo lililowakasirisha wageni na kuandikwa kuwa ni unyang'anyi. Lakini aliyekaa Ugogo mwezi wa Oktoba na kuona kisima kinavyochimbwa mkono kwa mkono ndani ya mchanga wa mto hawezi kushangaa kwamba watu walidai kitu kwa msafara wa mamia ya watu uliokuja kukikausha kwa siku moja. Halafu Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na maarifa ya tirikeza yakaanza kusahauliwa.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mimi na mwenzangu aliyefundisha hesabu tulikusudia kuivuka nyika hiyo kwa miguu katika likizo fupi ya Septemba, na kwa kuwa hatukuwa na mashanta, tulikwenda soko la Sabasaba mjini Dodoma, ambako mabegi yaliyokwisha tumika ughaibuni hupangwa chini juu ya maturubai pamoja na viatu na makoti. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Haya yote magumu, hayakatiki."

"Tunaomba ruhusa yako tuyapime kwa mizani ya jirani anayeuza karanga."

"Mnapima begi tupu? Wenzenu hupima kilichomo."

Mwenzangu alimjibu kwa adabu: "Mama, hata likiwa tupu ni mzigo. Ndilo tutakalolibeba mwanzo na kulitua mwisho."

Aliona maana ya neno hilo, akamwita jirani yake mwenyewe, nasi tukatundika mashanta matatu moja baada ya jingine. La kwanza, la turubai na fremu ya chuma, lililoonekana kuwa lilifanywa kwa ajili ya askari, lilikuwa kilo 3 na robo. La pili, la nailoni nene yenye mbavu mbili za aluminiamu, kilo 1 na robo. Na la tatu, la kitambaa chembamba kilichopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu, lilikuwa nusu kilo tu. Kwa macho, yote matatu yalikuwa na wasaa uliokaribiana, na bei ya lile la turubai ilikuwa chini kuliko yote.

Hapo ndipo itikadi yangu ilipopata umbo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, wala hakuna ustadi wa kuipunguza. Kwa hiyo tofauti ya kilo mbili baina ya shanta la kwanza na la pili ilikuwa lita mbili za maji, na katikati ya Marenga Mkali lita mbili ni usiku mzima wa mtu mmoja. Anayenunua shanta zito kwa sababu ni rahisi hulipa tofauti ya bei njiani, kila siku, kwa maji asiyoweza kuyachukua. Lile la nusu kilo lilitushawishi kwa sababu iyo hiyo, na lau safari yetu ingekuwa ya njia iliyofyekwa tungelichukua. Walakini uwanda wa kati umejaa migunga, na mwiba wa mgunga hauhurumii kitambaa cha namna ile. Shanta lililochanika katikati ya nyika halina wasaa wowote. Tulichukua mawili ya namna ile ya kati.

Mintarafu ya wasaa, niseme kwa urefu kidogo, kwa maana ndipo ninapotofautiana na wengi. Husemwa kwamba shanta kubwa humtia mtu tamaa ya kulijaza, na kwa hiyo mwenye busara achague dogo. Neno hilo lina kweli katika nchi yenye vijito. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Kimarekani, Emma Gatewood, aliyekuwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia yenye zaidi ya maili 2,000, naye hakuwa na shanta bali mfuko wa jinzi alioushona kwa mkono wake na kuutupia begani. Nami humheshimu kuliko watembezi wengi wenye zana za fahari. Lakini milima ile ina chemchemi, na mara kwa mara njia hupita karibu na nyumba na maduka. Mtu wa Ugogo hawezi kuuiga mfuko wake. Akivuka nyika, hana budi kuchukua maji ya siku na usiku, ambayo kwangu mimi ni lita 6 zikiwemo za kupikia, na vidumu vya maji ni vigumu, havikunjiki. Fauka ya hayo usiku wa uwanda huu, ambao Dodoma yenyewe umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, huwa na baridi inayodai blanketi, na blanketi hutaka nafasi zaidi ya linavyotaka nguvu. Mwenye shanta dogo hulazimika kuning'iniza vidumu nje, navyo hupigapiga mbavu na kumyumbisha kila hatua, ilhali mahali pa maji ni ndani, katikati ya mgongo au juu yake kidogo, yamebanwa na nguo yasisogee.

Tulipofika nyumbani tulilijaza moja la mashanta yetu pumba za mtama kwa debe, nalo likameza madebe matatu na zaidi kidogo; na kwa kuwa debe ni lita 20 kasoro kitu, tulijua kwamba wasaa wake ulikuwa lita 60 hivi, wala hatukuhitaji kuiamini karatasi iliyoshonwa ndani. Kisha tukapima mzigo wenyewe: maji kilo 6, unga, dagaa, karanga na ubuyu kilo 2, shanta kilo 1 na robo, blanketi, mkeka na nguo kilo 2 na nusu, sufuria na vyombo vidogo kilo moja. Jumla yake ilikuwa kilo 12 na robo tatu. Mimi nilikuwa na kilo 65, na sehemu ya tano ya uzito huo ni kilo 13.

Sehemu hiyo ya tano sikuiweka kwa kubahatisha. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba waliwapima wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani na wa Kikikuyu wabebao kwa mkanda wa paji la uso, wakaona kwamba mpaka mzigo ulipofikia sehemu ya tano ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu zaidi ya walivyotumia wakitembea mikono mitupu. Watafiti wa baadaye hawakukubaliana wote na matokeo hayo, na mtu wa shanta hana ustadi ambao mwanamke wa kijijini ameujenga tangu utoto. Lakini kama mabingwa wa kubeba huanza kulipa gharama baada ya sehemu ya tano, sioni kwa nini mimi niliyelelewa na chaki nijipe ruhusa ya kupita hapo kwa hiari yangu. Basi mtu na aone jinsi hesabu inavyokaza: lau tungechukua lile la turubai, tungekuwa na kilo 14 na robo tatu, na ili kurudi chini ya 13 tungepunguza kitu, na kitu chenye uzito kuliko vyote kilikuwa maji.

Tuliivuka Marenga Mkali kwa desturi ya tirikeza, tukiondoka Chunyo alasiri baada ya kunywa kiasi tulichoweza, tukalala chini ya mbuyu, na kabla ya alfajiri tukawa njiani tena. Jambo nililoliona asubuhi ile, ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia, ni namna shanta linavyobadilika safarini. Maji yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu, chakula kimepungua, na shanta lililokuwa limesimama kama mtumba sasa lilikuwa na uwazi mkubwa ndani, vitu vikihama huku na huku, na uzito ukashuka chini kwenye makalio. Ndipo nilipoithamini mikanda miwili ya pembeni ambayo nilidhani ni pambo: nilipoikaza, shanta la lita 60 likawa kama la lita 40, likanikumbatia tena mgongoni. Tangu siku hiyo, kila mtu aniulizapo wasaa, humjibu kwamba atafute shanta kubwa linalokubali kuwa dogo, na asilinunue hata kwa bei ya bure kama halina mikanda ya kulikaza.

Mvumi tulipokewa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini mwa zizi. Tulimwamkia kwa desturi ya kwao, naye akaitikia "Mbukwenyi," akatukaribisha vigoda, akaagiza tuletewe maji kabla hatujayaomba. Kisha alilinyanyua shanta langu kwa mkono mmoja.

"Jepesi hili, wajukuu zangu."

"Limekuwa jepesi, babu. Maji yamekwisha."

"Basi mmefanya sawa. Zamani, wazee wetu walituambia, msafara ulifika hapa mizigo ya nguo ikiwa mizima na watu wamekufa kiu. Nguo hainyweki."

Akatueleza kwamba kisima cha ukoo huwa na mwenyewe hata kama mgeni hamwoni, na kwamba siku hizi hakuna atakayedai hongo, lakini mtu akiteka bila kuomba amewatukana waliochimba. Nimelishika neno lake katika safari zote. Kabla ya kupima lita za kuchukua, mimi huuliza watu wa njia ile visima vipi vina maji mwezi huo, vipi ni vya chumvi, na ni nani wa kuombwa ruhusa. Kwa maana ingawa vijiji vimeongezeka na visima virefu vimechimbwa na serikali, maji ya baadhi yake hayanyweki, na pampu iliyokuwa nzima mwezi wa Juni yaweza kuwa mbovu mwezi wa Septemba. Jibu lao ndilo linaloniambia shanta lijazwe mpaka wapi.

Mengine ni madogo, lakini vumbi la Dodoma limenifundisha niyataje. Zipu ni adui: vumbi jembamba la kiangazi huingia katika meno yake mpaka yanakataa kushikana, kwa hiyo shanta lenye mdomo wa kukunja au wa kamba hudumu kuliko lenye zipu ndefu. Jua nalo huila nailoni polepole, na begi lililoanikwa juu ya bati miezi mingi hupasuka kama gazeti siku ya safari. Sindano nene na uzi wa nailoni havizidi uzito wa kijiko, na asiyevichukua kwa kutafuta wepesi ametafuta mahali pasipostahili.

Hivi karibuni alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa wa misitu, anayetaka kutembea toka Kilimatinde mpaka Itigi, akiipita sehemu ya pori ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali, na vichaka vya Itigi vina sifa ya kuwa vizito kuliko vyote katika sehemu hii ya nchi. Alileta mashanta mawili, moja la lita 45 na moja la lita 65, yote mepesi.

"Mwalimu, hili kubwa linanipwaya. Nichukue dogo?"

Nilichukua kamba, nikamwomba mwanangu wa kike amshikie upande wa juu kwenye mfupa unaotokeza chini ya shingo mwanafunzi akiinamisha kichwa, naye mwanafunzi mwenyewe akaushika upande wa chini mahali panapolingana na ncha za juu za nyonga, kisha tukalinganisha urefu huo na mgongo wa kila shanta. Lile kubwa lilikuwa limeshonwa kwa mtu mwenye mgongo mrefu kuliko wake, ndiyo maana mkanda wa kiunoni ulimkalia juu ya tumbo na mabega yakabeba kila kitu. Mtu mfupi mwenye mgongo mrefu na mtu mrefu mwenye mgongo mfupi wapo wengi, na kimo hakisaidii kitu katika hesabu hii. Dogo lilimkaa vema. Lakini tulipoandika maji ya kwenda kwake, lita 8 kwa sehemu ile kavu zaidi, pamoja na chakula cha siku zote asizotarajia kupita dukani, lita 45 hazikutosha hata kwa kushindilia.

Mishono ya mikanda ya juu ya lile kubwa ilikuwa imara, na chini yake palikuwa na nafasi ya kuishusha upana wa vidole vinne. Tulilipeleka kwa fundi viatu wa Majengo, ambaye alilitazama kwa makini, akauliza litabeba nini, na alipoambiwa ni maji akasema atashona mara mbili, na kitako atakiongezea kipande cha turubai kwa ajili ya miiba. Akaomba aachiwe mpaka Ijumaa, kwa kuwa sindano ya kazi hiyo ilikuwa imeazimwa na mwenzake.